Ghala la Antimata na Mbuzi wa Ntheo

Pale Mwingi, kwenye barabara ya Garissa, mahali malori yanapopunguza mwendo kwa sababu ya matuta, kuna benchi la chuma mbele ya karakana ya kuchomelea. Zamani benchi hilo lilikuwa ubavu wa lori. Siku hizi ni bunge. Kikao huanza kahawa ya tangawizi ya Kalondu inapofika, na huahirishwa inapokwisha. Wajumbe wa kudumu ni watatu. Mwau, mwenye karakana, tunamwita Vyuma, na anaamini hakuna shida duniani ambayo pleti ya milimita sita haiwezi kuiziba. Kanyi, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Murang'a, ana duka la agroveti mlango wa pili. Yeye ni Dawa, kwa kuwa huandika dawa kabla hujamaliza kusema panapouma, uwe ng'ombe au mtu. Musembi anatengeneza simu katika kibanda cha kando. Yeye ni Injinia, jina alilojipa mwenyewe na sisi tukalikubali kwa kuchoka. Kalondu hana jina la utani. Hakuna aliyethubutu.

Alhamisi hiyo Injinia alifika saa nne na robo asubuhi, simu mkono wa kulia, kamba mkono wa kushoto. Mwisho wa kamba kulikuwa na mbuzi dume mweusi mwenye nyota nyeupe kwenye paji la uso. Akamfunga kwenye lango la karakana, akaketi, na hakumsalimu mtu.

Vyuma: Injinia, hata salamu hakuna? Ama leo unaongea na mbuzi pekee?

Injinia: Cheka tu. Saa tano kamili ngao yetu inaisha.

Dawa: Ngao gani?

Injinia: Ya gemu, Dawa. Ngao ikiisha, watu wa Kibwezi wanaingia ghala.

Hapo benchi likasogea karibu na simu, kwa heshima. Gemu yenyewe ni ya vita vya nyota. Kila kundi lina mji wake huko juu, lina meli, lina maadui. Kundi la benchi hili linaitwa Mwethya wa Mwingi, mwethya kwa Kikamba ikiwa kikundi cha kazi ya pamoja, na Injinia ndiye mwenyekiti. Mali kubwa kuliko zote katika gemu hiyo ni antimata. Kwa miezi minane Mwethya wa Mwingi wamefanya nayo jambo moja tu: kuiweka. Hawajaiuza. Hawajaitumia. Hawajaigusa. Huku kwetu mtu mwenye akili hauzi ndengu wiki ya mavuno, madalali wakiwa wamejaa barabarani. Huiweka ghalani akangoja bei ipande. Wakaupeleka ujuzi huo angani bila kupunguza hata neno. Ghala lao sasa lilikuwa na magunia elfu nne. Gemu huyaita makasha, lakini gemu haijawahi kulima Kyuso.

Kalondu: Na huyu mbuzi anapigana upande gani?

Injinia akaangalia simu.

Kalondu: Nimekuuliza, Musembi.

Injinia: Huyu ndiye dau.

Vyuma: Wueh! Umeweka mbuzi kwa gemu?

Injinia: Mutie wa Kibwezi alinichokoza kwa watsapu mbele ya makundi mawili. Akasema watu wa Mwingi ni watu wa kuweka tu, hawajui kupigana. Sasa mimi ninyamaze?

Dawa: Ungenyamaza.

Injinia: Nikasema, ghala la nani litachukuliwa kwanza, huyo atoe mbuzi dume. Akasema, leta picha ya mbuzi. Nikatuma picha iliyokuwa kwa simu.

Kalondu akashusha chupa ya kahawa polepole.

Kalondu: Picha ile ile uliwatumia wazee?

Injinia akaanza kufuta kioo cha simu kwa shati, na jibu likawa hilo. Kila mtu benchini alijua picha ile. Jumamosi hii, siku mbili tu mbele, Injinia alikuwa apeleke ntheo kwa kina Kathini, mchumba wake, huko Kibwezi: mbuzi watatu, ndipo binti atajwe kuwa mke wake mbele ya wazee, na bila hao watatu yeye ni mgeni tu aliyekuja kunywa chai. Mbuzi wawili walikuwa kwa mamake. Wa tatu, dume, wazee wa Kibwezi walitaka kumwona kwanza. Wakatumiwa picha. Wakamtazama, wakampitisha, wakasema aje huyo huyo mwenye nyota. Na huyu Mutie wa watsapu, kiongozi wa kundi la Kibwezi, alikuwa kakake Kathini, wa tumbo moja.

Vyuma: Yaani umecheza kamari na shemeji yako, ukaweka mahari ya dada yake.

Injinia: Si mahari. Ni mbuzi mmoja wa ntheo.

Vyuma: Aa, basi ni sawa kabisa. Nilikuwa nimeshtuka.

Kalondu: Kathini anajua?

Injinia: Atajua vipi? Amekuja hapa Mwingi kwa fundi wa nguo, anachukua leso za mamake. Mutie pia hajui kwamba ni huyu wa ntheo. Anafikiria mimi niko na mbuzi wengi.

Dawa: Kila mtu huko Kibwezi anafikiria hivyo. Ndio maana wamekubali uoe.

Injinia akaiweka simu katikati ya benchi ili wote waone. Kwenye kioo kulikuwa na ghala, duara la buluu linalozunguka, na nje yake, nyuma ya ngao, meli mia tatu za Kibwezi zikingoja kwa adabu. Saa ya gemu ilisema dakika thelathini na nane.

Injinia: Sasa sikilizeni. Mapatano ni hivi: wakichukua ghala, mbuzi anaenda. Tukichukua lao, mbuzi wao anakuja. Lakini ghala likilipuka likaangamiza sisi na wao, hakuna aliyeshinda, na mbuzi anabaki. Na hapa kuna kitufe. Zima sumaku. Nikikibonyeza wakiwa mlangoni, antimata yote inalipuka.

Dawa: Sumaku inahusiana na nini na ghala?

Injinia: Antimata haiwekwi kwa gunia. Ikigusa kitu chochote cha kawaida, yenyewe na hicho kitu vinaisha pamoja, vinabaki moto na mwanga. Kwa hivyo inashikwa hewani na sumaku. Haigusi ukuta, haigusi sakafu. Na ndani hakuna hewa hata kidogo.

Vyuma: Ghala gani hiyo ambayo mali haigusi ukuta? Niletee mimi hiyo kazi. Pleti ya milimita sita, nachomelea pande zote, nakuambia hata shetani hatoki.

Injinia: Vyuma, hiyo pleti yenyewe italipuka.

Vyuma: Ya milimita nane?

Injinia: Hata ya mita nane.

Vyuma: Basi hao watu wa gemu wanatumia chuma ya bei rahisi. Mimi nilichomelea tangi la kanisa mwaka juzi. Iko hapo. Haijalipuka.

Dawa: Vyuma, wewe nyamaza, hii ni mambo ya kuhifadhi, ni mambo yangu. Injinia, umesema ndani hakuna hewa?

Injinia: Hakuna.

Dawa: Sasa hiyo si ndio ile mifuko yangu? Ile ya kuzuia hewa! Unaweka ndengu, unafunga, dudu zinakosa pumzi zinakufa. Miezi nane, ndengu safi. Hawa wazungu wamechukua mfuko wangu wameweka sumaku, sasa wanaita sayansi.

Injinia: Dawa, antimata haina dudu.

Dawa: Umeifungua ukaangalia?

Injinia: Haifunguliwi!

Dawa: Basi hujui. Kitu imekaa miezi nane bila kuanikwa, na wewe unaniambia haina dudu. Mimi ningesema uweke dawa kidogo ya unga, kijiko kimoja kwa kila gunia.

Lori la ng'ombe likapita likielekea Thika, na kwa dakika nzima kikao kikawa cha vumbi. Lilipopita, Injinia alikuwa amepata njia nyingine ya kueleza. Alikuwa na tabia hiyo nzuri: akishindwa kueleweka, hutafuta mfano karibu na nyumbani.

Injinia: Tazameni. Nyinyi mnajua nthoni. Mtu na mama mkwe wake. Mkamba wa kweli haketi na mama mkwe wake, hali naye, hata kwa njia akimwona mbele anaingia kichakani mpaka apite. Si chuki. Ni heshima. Mata, yaani hivi vitu vyote vya kawaida, na antimata ndio hivyo. Ndugu kabisa, wanafanana kwa kila kitu, lakini hawafai kukutana.

Kalondu: Na hiyo sumaku?

Injinia: Sumaku ndiyo nthoni. Ndiyo inaweka kila mmoja upande wake.

Vyuma: Sasa nimeelewa. Ungesema hivyo mapema, singetaja pleti.

Dawa: Mimi bado. Kwetu mama mkwe anakuja Disemba, anakaa wiki tatu, tunakula naye meza moja.

Vyuma: Na si nyumba yako inalipukanga kila Disemba?

Dawa akakumbuka Disemba, akanywa kahawa.

Kalondu: Na ikilipuka inalipuka kiasi gani? Kama mtungi wa gesi?

Hapo macho ya Injinia yakawaka. Swali hilo alikuwa amelingoja tangu azaliwe. Akaingiza mkono mfukoni mwa Dawa, ambako daima kuna ndengu, akatoa punje moja, akaiweka kwenye kiganja.

Injinia: Hii. Punje hii moja, ikiwa ya antimata, ikianguka hapa chini: soko hakuna, stendi hakuna, hizi karakana zote hakuna.

Wote wakaitazama ile punje. Vyuma alisogeza mguu.

Dawa: Na nyinyi mko na magunia elfu nne.

Injinia: Elfu nne na sitini.

Kalondu: Na hapa duniani watu wametengeneza kiasi gani? Hii ya kweli?

Injinia: Wametengeneza. Kwa maabara kubwa kubwa, miaka mingi. Lakini yote ukiikusanya haiwezi kuchemsha kikombe kimoja cha kahawa yako.

Kalondu: Basi hao mabwana wa maabara wamefanya kazi kidogo kuliko jiko langu, na nyinyi mmejaza ghala mkiwa mmekaa hapa. Kweli Mwingi tumebarikiwa.

Injinia: Kuna jambo lingine. Wanasema mwanzo wa ulimwengu vilitengenezwa viwili, mata na antimata, karibu nusu kwa nusu. Lakini sasa tunaona moja tu. Ile nusu nyingine hawajui ilienda wapi.

Dawa: Nusu ikipotea na hakuna anayejua, hapo kulikuwa na kamati.

Vyuma: Na hiyo kamati iliundiwa kamati nyingine ya kuchunguza.

Kalondu: Msimwingize Mungu kwa kamati zenu. Endelea, Musembi. Dakika ngapi?

Dakika ishirini na tatu. Mbuzi alikuwa ameanza kula kasha la vocha za simu.

Injinia: Shida yangu ni moja. Je, hii gemu ni ya kweli ama si ya kweli? Ikiwa imefuata sayansi, nikizima sumaku, bum! Kibwezi wote wanaenda. Mbuzi anabaki. Lakini ikiwa ni gemu ya uongo uongo, nikizima, nimewafungulia mlango tu.

Kwa hivyo mtajionea wenyewe uzito wa kikao. Wengine hubishana kama gemu ni za kweli kwa sababu hawana kazi. Benchi hili lilibishana kwa ajili ya ndoa.

Vyuma: Mimi nasema si ya kweli. Wiki iliyopita ghala la wale wa Machakos lilipigwa. Mlipuko wenyewe mliona? Moshi kidogo, kama mtu amechoma mahindi. Punje moja inamaliza Mwingi, ghala nzima inatoa moshi wa mahindi?

Injinia: Hiyo ni kwa sababu simu ni ndogo. Hawawezi kuonyesha mlipuko wote. Kioo kingepasuka.

Vyuma: Kioo kingepasuka na wewe ndiye ungebadilisha. Hapo nitaamini.

Dawa: Mimi nawaambia kwa nini ile ya Machakos haikulipuka. Ilikuwa imeexpaya.

Kalondu: Antimata?

Dawa: Kila kitu ina tarehe. Chanjo ya ng'ombe nikiiweka nje ya friji siku mbili, hiyo ni maji. Sasa wao wameweka kwa joto ya Machakos. Hiyo haikuwa antimata tena, ilikuwa mata ya kawaida. Wangepikia ugali.

Vyuma: Basi yetu pia imeexpaya. Miezi nane.

Dawa: Yenu inategemea. Mliiweka kwa kivuli?

Injinia: Iko angani, Dawa! Angani ni baridi!

Dawa: Upande wa jua ama upande wa kivuli?

Injinia akafungua ramani ya gemu. Nasema kweli, aliifungua, akatafuta jua liko wapi. Ghala la Mwingi lilikuwa upande wa jua. Dawa akapiga paja lake, akajiegemeza nyuma kama daktari aliyeona picha ya eksirei.

Vyuma: Mimi kuna kitu kingine kinaniambia gemu hii ni ya uongo. Hiyo sumaku inatumia stima?

Injinia: Jenereta kubwa, kando ya ghala.

Vyuma: Miezi nane. Stima imepotea mara ngapi?

Injinia: Haijapotea.

Vyuma: Hata siku moja?

Injinia: Hata dakika.

Vyuma: Kesi imeisha. Ndugu zangu, meli zinazoruka kati ya nyota, sawa. Watu wenye vichwa vitatu, sawa. Lakini stima miezi nane bila kupotea? Aliyetengeneza hii gemu hajawahi kuishi mahali popote.

Hoja hiyo ilikaa vizuri sana, hata Kalondu akamwongezea Vyuma kikombe bila kuombwa. Injinia alikunja uso. Dakika kumi na nne.

Injinia: Lakini hapo hapo umenisaidia. Kama stima haijawahi kupotea, hakuna mtu amewahi kuona ikipotea. Ghala la Machakos lilipigwa sumaku zikiwa zinafanya kazi, ndio maana hakukuwa na mlipuko. Sisi tukizima wenyewe, ni kitu kipya. Watengenezaji lazima waliweka kitufe kwa sababu.

Dawa: Ngoja. Na ikilipuka kweli, hiyo moto inaenda wapi? Simu iko hapa. Mnara wa mtandao ni ule pale. Isije ikashuka na mnara.

Vyuma: Ishuke na mnara?

Dawa: Ujumbe si unashuka na mnara? Picha zinashuka. Magunia elfu nne na sitini, kidogo tu ikivuja...

Hakuna aliyesema anaamini. Lakini Vyuma aliinua simu kwa ncha za vidole, akaipeleka kwenye fuawe lake la chuma, akaifunika nusu na barakoa yake ya kuchomelea. Kisha akarudi kuketi, akasema ni kwa sababu ya mwanga wa jua.

Kalondu: Mimi nina swali. Miezi nane mmeweka hii kitu. Mnasema punje moja inamaliza mji. Wale wa Kibwezi wako nje ya mlango siku tatu sasa, wamejipanga kama watu wa foleni ya benki. Kwa nini hamkuwarushia hata gunia moja?

Vyuma akamtazama Dawa. Dawa akamtazama Injinia.

Injinia: Tulikuwa tunangoja bei ipande.

Kalondu: Bei imepanda?

Injinia: Kidogo.

Kalondu: Muirushe sasa.

Injinia: Kurusha unahitaji mizinga. Hatukujenga mizinga. Tulijenga ghala la pili.

Kalondu akafunika chupa yake, akaitikia kwa kichwa mara tatu, kama mtu anayesikiliza tangazo la mazishi.

Zilipobaki dakika tano, Injinia aliichukua simu kutoka kwenye fuawe. Hakuitazama; alimtazama mbuzi. Utani uliisha hapo, kwa sababu sote tulimwona. Huyu alikuwa mtu ambaye kwa miaka mitatu alikuwa amemtaja Kathini kila siku kama mtu anayetaja mvua, na alikuwa ametembea sokoni mara sita kumtafuta dume asiye na kasoro. Mnada mwingine ni Jumatano ijayo. Hata angepata mwingine, asingekuwa na nyota.

Injinia: Nizime ama nisizime?

Vyuma: Usizime. Gemu ni ya uongo.

Dawa: Zima. Imeexpaya, lakini bahati ni bahati.

Injinia: Kalondu?

Kalondu: Mimi nauza kahawa.

Ngao ikafika sifuri. Lile duara la buluu likatoweka. Meli za Kibwezi zikasogea, mia tatu, kwa mstari mmoja mzuri, mpaka mlangoni mwa ghala. Injinia akafumba macho. Vyuma, asiyeamini, akainama nyuma ya benchi. Dawa akafunika kikombe chake kwa kiganja.

Injinia akabonyeza.

Simu ikatoa mlio mdogo, kama wa ujumbe wa kuisha kwa salio. Maandishi ya kijani yakatokea kwenye kioo. Kalondu ndiye aliyeyasoma kwa sauti, maana wengine walikuwa bado wanangoja kufa.

Kalondu: "Sumaku zimezimwa. Hongera! Umeokoa umeme asilimia kumi na mbili."

Vyuma: Mlipuko uko wapi?

Kalondu: Hakuna mlipuko. Kuna mlango umefunguka.

Ilikuwa kweli. Ghala lilikuwa wazi kabisa, na meli za Kibwezi zilikuwa zinaingia moja baada ya nyingine, zinapakia, zinatoka, bila haraka, bila kelele, kama malori ya ndengu. Magunia elfu nne. Elfu tatu. Mia tisa. Mwisho likatoka lile la elfu nne na sitini, na mahali pa ghala pakabaki kamoshi kadogo.

Vyuma: Mahindi. Niliwaambia.

Dawa: Niliwaambia upande wa jua.

Simu ikaita. Jina likaonekana kwenye kioo: Mutie Kibwezi. Injinia hakutaka kupokea, lakini kidole cha Dawa kilikuwa karibu zaidi: kikapokea, kikaiweka kwenye sauti ya juu.

Mutie: Shemeji! Hata mlango umetufungulia! Mimi nimepigana na watu wengi, lakini mwenye ukarimu kama wewe sijaona. Sasa sikiza. Nilishamwambia mzee wetu Jumamosi kuna mbuzi wangu anakuja kutoka Mwingi. Amefurahi sana. Amesema huyo niwachinjie vijana wa kazi wa siku hiyo. Usisahau, shemeji! Dume!

Akakata. Mbuzi mwenye nyota alikuwa amemaliza kasha la vocha na sasa alikuwa akitutazama kwa utulivu wa mtu asiye na deni na yeyote.

Vyuma: Si neno. Utapeleka huyu, utasema ni wa ntheo. Mutie atasema nini?

Dawa: Atasema ni wake. Ana ushahidi wa makundi mawili.

Vyuma: Basi sema ni wa Mutie.

Injinia: Halafu ntheo ni mbuzi wawili? Wazee wananirudisha kutoka langoni!

Dawa: Wewe peleka watatu, nyamaza, kila mtu ahesabu yake. Wazee wataona watatu. Mutie ataona wake. Hesabu inatoka.

Injinia: Na akichinjwa kwa vijana wa kazi kabla wazee hawajamtaja?

Dawa: Basi hapo ndio mtalipuka.

Walikuwa wamezama hivyo wasimwone aliyesimama nyuma ya benchi. Alikuwa na mfuko wa leso mbili mpya kwapani na viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi la barabara. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Kalondu alijua, kwa sababu alikuwa tayari amemmiminia kikombe.

Kalondu: Karibu, Kathini.

Injinia akasimama kwa kasi hata simu ikaanguka. Aliiokota, akaipangusa, akaangalia kioo.

Injinia: Kathini. Umemaliza kwa fundi? Leso zimetoka vizuri?

Kathini alizisukuma leso ndani zaidi kwapani. Alimtazama mbuzi, kwanza uso, halafu nyota, halafu kamba.

Kathini: Huyu ndiye yule wa picha?

Injinia: Ndiye.

Kathini: Na Mutie amenipigia sasa hivi, anacheka, ananiambia ameshinda mbuzi wako.

Injinia: Ilikuwa gemu tu. Unajua, antimata, kama wangekuwa wamefuata sayansi vile inatakiwa, saa hii hakuna Kibwezi...

Kathini: Kwetu ni Kibwezi, Musembi.

Injinia: Kibwezi ya gemu.

Vyuma akachukua barakoa yake, akaivaa, ingawa hakuwa na kitu cha kuchomelea. Dawa akagundua kwamba dukani kwake kulikuwa na mteja. Hakukuwa na mteja.

Kathini: Mimi sijui gemu. Nataka kuuliza kitu kimoja rahisi. Mbuzi ni mmoja. Boma ni moja, la baba. Jumamosi akiingia pale langoni, baba atasimama na wazee, atamwangalia, atauliza, "Huyu ni wa nani?" Nataka kujua utajibu nini. Ni wangu, ama ni wa Mutie?

Injinia alifungua kinywa. Huyu aliyejua punje ngapi zinamaliza Mwingi, aliyejua mwanzo wa ulimwengu ulikuwa na nusu mbili, alifungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena. Akamtazama Vyuma. Barakoa haina uso. Akamtazama Dawa, na Dawa, kwa mara ya kwanza tangu benchi lichomelewe, hakuwa na la kuandika. Lori likapita. Likapita lingine. Vumbi likapanda, likatua, na swali lilikuwa bado limesimama pale pale.

Kathini akavuta kigoda cha Kalondu, akakiweka mbele ya Injinia, akaketi na leso mapajani. Akapokea kikombe chake. Akapuliza kahawa taratibu.

Kathini: Usiharakishe, Musembi. Leo ni Alhamisi tu.